Kubadilisha tushi za laptopu: Windows, Linux, au kufumua fimuwea?

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa Bukavu zimeshatumika mahali pengine. Iliyotoka Ubelgiji au Ufaransa inakuja na kibodi ya AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, iliyopitia Dubai ama Kampala inakuja na QWERTY, ule wa Kiingereza, na mnunuzi anapopatana bei anakagua betri, skrini na diski. Kibodi anaikumbuka akishafika nyumbani. Ndipo anaporudi kwetu mafundi wa Nyawera na mashini kwapani, na ombi ni lile lile: nigeuzie tushi hizi, yaani vitufe.

Juzi alinijia mama mmoja, mwalimu wa informatiki katika shule ya sekondari. Laptopu yake ni ya Kimarekani, naye ameipanga kwa Kifaransa kwa kuwa vidole vyake vimezoea AZERTY tangu ujana.

"Papa, A na Z zimekaa muzuri," akaniambia. "Lakini ile alama ya kufungulia HTML, ile ya ndogo-kuliko, haiko. Nimefinya tushi zote, hakuna. Mutoto wa kaka yangu anasema lazima kuvunja BIOS."

"Mama, tusivunje kitu kwanza. Iko njia ingine."

Hakukosea: kitufe hicho hakikuwepo. Kibodi ya Ulaya ina kitufe kidogo kinachokaa mara tu baada ya Shift ya kushoto. Ya Kimarekani haina, Shift yake imerefushwa ikachukua nafasi hiyo. Kwa kibodi kamili za mezani, moja ina vitufe 105 na nyingine 104. Na katika mpangilio wa Kifaransa, alama za < na > zote mbili zinakaa kwenye kitufe hicho kimoja tu. Mwalimu wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, akikikosa hawezi hata kuanza somo.

Shida yake ina njia nne za kutoka, na mpwa wake, kwa kutaja BIOS (programu ya kwanza kuamka mashini inapowaka), alikuwa amegusa ile yenye hatari kuliko zote. Naziweka hapa bega kwa bega, maana naona vijana wengi wakikimbilia kufumua fimuwea, yaani programu inayokaa ndani ya chipu za mashini. Shauku hiyo naijua, hata mimi ninayo. Lakini mara nyingi jibu lilikuwa juu juu, na mashini ya mtu imekufa bure.

Kitufe kinapita wapi

Chini ya vitufe vya laptopu hakuna waya mmoja kwa kila kitufe. Kuna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, mistari ya kulala na ya kusimama, mathalani 8 kwa 16, ambayo inatoa makutano 128. Ukibonyeza, mstari mmoja unagusa mwingine. Utepe mwembamba unapeleka mistari hiyo kwenye ubao mama, hadi kwenye chipu ambayo mafundi tunaiita EC. Chipu hiyo ni kompyuta ndogo inayojitegemea: inapitia mistari mfululizo, inaona ni makutano gani yamefungwa, inatazama jedwali lake, kisha inatuma namba kwa Windows au Linux. Tukiandika kwa hesabu ya msingi wa 16, Caps Lock ni 3A, Ctrl ya kushoto ni 1D, na kile kitufe kidogo cha Ulaya ni 56.

Namba hiyo inataja mahali tu, herufi haijui. Kitufe kinachofuata Caps Lock upande wa kulia kinatuma 1E, kiwe kimeandikwa A au Q. Herufi inaamuliwa baadaye na mpangilio wa lugha uliouchagua. Kwa hiyo anayetaka kutoka QWERTY kwenda AZERTY, au kurudi, hana haja na lolote litakalofuata hapa chini. Abadilishe lugha ya kibodi kwenye mipangilio, abandike vibandiko, aendelee na kazi.

Na mwenye tushi zilizokufa naye ajipime kwanza. Kikifa kitufe kimoja, unaweza kuhamishia kazi yake mahali pengine. Vikifa vinne au vitano kwa mpigo, vimetawanyika huku na huku, basi jua mstari mmoja umekatika kwenye plastiki au utepe umelegea kwenye kiota chake. Hapo namba haitumwi kabisa, na hakuna programu inayoweza kugeuza namba ambayo haikutumwa. Fungua, kaza utepe, au nunua kibodi nyingine.

Windows: rejista au PowerToys

Kwa mama mwalimu nilikwenda kwenye rejista ya Windows, hazina yake ya mipangilio. Tangu Windows 2000, mfumo huu unaweza kusoma orodha ya vitufe vya kubadilisha mapema kabisa unapowaka. Orodha inaitwa Scancode Map na inakaa kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout. Laptopu yake ina kitufe cha menyu upande wa kulia, kile chenye picha ya karatasi yenye mistari, ambacho hajawahi kukitumia. Namba yake ni E0 5D. Tunataka kijitambulishe kama 56:

00 00 00 00 00 00 00 00 02 00 00 00 56 00 5D E0 00 00 00 00

Baiti nane za mwanzo ni sufuri tupu. 02 ni idadi ya mistari, na mstari wa mwisho wa sufuri unahesabiwa pia. 56 00 ni kitufe tunachokitaka, 5D E0 ni kile tunachokitoa sadaka, na baiti zimegeuzwa: ndogo mbele, kubwa nyuma. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaandika E0 5D kama wanavyoisoma, wanawasha upya, hakuna kilichobadilika. Asiyetaka kugusa baiti atumie SharpKeys, programu ya bure inayoandika orodha hii hii kwa niaba yako. Kama laptopu haina kitufe cha menyu, Ctrl ya kulia ni E0 1D.

PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, inafanya kazi ya jirani kwa sura nzuri zaidi. Unachagua kitufe, unachagua badala yake, kinageuka papo hapo bila kuwasha upya. Inaweza pia kugeuza mchanganyiko wa vitufe viwili au vitatu, jambo ambalo rejista haiwezi. Lakini lazima iwe inaendeshwa nyuma ya pazia, na kwenye ukurasa wa kuingiza nywila haifanyi kazi. Ukiwa na alama ya < ndani ya nywila yako umejifungia nje. Rejista inahitaji haki za msimamizi na kuwasha upya mara moja, kisha inashika kwa kila mtumiaji wa mashini, hata kabla hajaingia. Kwa laptopu ya shule inayotumiwa na watu kumi, nachagua rejista bila kufikiri mara mbili. PowerToys nawapa wale wanaotaka kujaribu kwanza, leo hivi na kesho vile.

Linux: hwdb au keyd

Hapa kazi ni safi zaidi. Unaendesha programu ya evtest, unabonyeza kitufe, kinakuonyesha namba yake. Kitufe cha menyu kitaonekana kama dd badala ya E0 5D, kwa sababu kwenye Linux ile E0 inakunjwa ndani ya namba yenyewe. Unaandika faili dogo ndani ya /etc/udev/hwdb.d (hwdb ni orodha ya vifaa ambayo Linux inaisoma) lenye mstari wa kutambulisha kibodi, chini yake:

 KEYBOARD_KEY_dd=102nd

Nafasi moja mwanzoni mwa mstari ni ya lazima. Kisha systemd-hwdb update, na udevadm trigger. Hiyo ndiyo ndugu ya rejista ya Windows: kitufe kimoja kwa kimoja, na mabadiliko yanashika kila mahali, hata kwenye skrini nyeusi isiyo na dirisha.

keyd, programu ya kugeuza vitufe inayoendeshwa nyuma ya pazia, inakwenda mbali zaidi. Mstari mmoja, capslock = overload(control, esc), unafanya Caps Lock iwe Ctrl ukiishikilia na Esc ukiigusa tu. Nimeiweka kwenye mashini yangu mwenyewe na sasa nikikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine mkono wangu wa kushoto unapotea. Zile dawa za zamani, xmodmap hasa, naziacha. Zilitengenezwa kwa ajili ya X11, mfumo wa zamani wa madirisha wa Linux, na Wayland, mrithi wake, haizisikilizi.

Njia hizi zote za Windows na Linux zina ukuta mmoja: zinaanza kazi mfumo unapowaka. Ndani ya BIOS hazipo, wala kwenye PIN ya BitLocker, kufuli la diski, inayoulizwa kabla ya Windows. Kitufe kilichokwama, kinachojibonyeza chenyewe, unaweza kukinyamazisha ndani ya Windows, lakini mashini inapowaka kitaendelea kuisumbua. Na kitufe cha Fn hakiguswi kabisa kwenye laptopu nyingi, kwa sababu EC inakimeza yenyewe bila kuupelekea mfumo namba yake. Kabla hujakata tamaa juu ya Fn, ingia kwanza BIOS: ThinkPad nyingi za Lenovo zina chaguo la kubadilishana Fn na Ctrl, na nimewahi kuona kijana aliyemaliza wiki akitafuta fimuwea ya kazi ambayo BIOS yake ilikuwa inaifanya.

Kufumua fimuwea yenyewe

Nasema kufumua kama fundi cherehani anavyofumua shati ili aone lilivyokatwa. Mtengenezaji hakuchapisha maandishi ya programu iliyo ndani ya EC. Unachukua baiti zake, unazisoma mpaka ulione jedwali la vitufe, unageuza mbili tatu, unazirudisha.

Kazi inaanza na nakala. Wakati mwingine fimuwea ya EC iko ndani ya faili la sasisho la BIOS. Wakati mwingine iko kwenye chipu ndogo ya miguu minane, unaibana kwa kibanio na kuisoma kwa CH341A, kile kifaa cha bei nafuu cha USB. Angalia volti kwanza: chipu nyingine ni za 3.3, nyingine za 1.8, na baadhi ya CH341A nyeusi zinapeleka volti 5 kwenye njia za data. Kuna pia chipu zenye kumbukumbu ndani yake, kama KB9012 ya ENE, yenye kilobaiti 128. Hiyo inaweza kusomwa na kuandikwa kupitia kiota kile kile ambacho utepe wa kibodi unachomekwa, na nilipojifunza jambo hilo niliacha kung'oa chipu kwa moto bila sababu. Soma nakala mara tatu, linganisha. Moja ikitofautiana, kibanio hakijakaa.

Kisha unaifungua kwa Ghidra, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2019 na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. EC nyingi za watengenezaji ITE na ENE zina kiini cha 8051, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1980, na Ghidra inakielewa. Lakini jedwali la vitufe mara nyingi unaliona kwa macho kabla hujaelewa agizo hata moja. Usitafute 3A na 1D: ndani ya EC mara nyingi wanatumia seti ya pili ya namba, ambamo A ni 1C, S ni 1B, D ni 23, F ni 2B, na tafsiri inafanyika baadaye. Wala usitafute QWERTY kwa mfuatano wake, maana jedwali limepangwa kwa makutano ya mistari. Unatelemka katikati ya fujo ya maagizo, na ghafla unafika sehemu tulivu, baiti 128 hivi, karibu kila moja ni namba halali ya kitufe, hakuna inayojirudia, na sufuri zimekaa pale ambapo makutano hayana kitufe. Mara ya kwanza kuiona sehemu hiyo nilikuwa peke yangu, usiku, na nilimwamsha mdogo wangu ili na yeye aione.

Ukishaipata, Caps Lock ni 58 na Ctrl ni 14. Badilisha moja kwa nyingine, rekebisha jumla ya uhakiki (namba inayothibitisha kwamba baiti hazijaguswa) kama ipo, andika. Mabadiliko hayo yanashika kila mahali, kwenye BIOS, Windows, Linux, hata ukibadilisha diski. Hakuna njia nyingine ya ndani ya laptopu inayofika hapo.

Sasa upande wa pili wa mizani. EC hiyo hiyo ndiyo inayochaji betri, inayozungusha feni, na inayosikiliza kitufe cha kuwashia. Ikiharibika, mashini haiwaki, haitoi hata taa. Nilijifunza kwa mashini ya mteja. Aliniomba nihamishe kazi ya Fn, betri yake ilikuwa imekufa kitambo, nami nikaandika fimuwea huku laptopu ikitegemea chaja peke yake. Umeme ukakatika katikati. Nilikuwa na nakala, lakini nilikuwa nimeisoma mara moja tu, na nilipoifungua kumbe nusu yake ni FF tupu, yaani hakuna kilichosomwa, kibanio kilikuwa kimeteleza. Nilimlipa yule kijana thamani ya mashini yake. Tangu siku hiyo siandiki EC bila betri yenye chaji au betri ya akiba mezani, hata mtu anibembeleze vipi. Wote tunaijua SNEL, shirika letu la umeme, na saa zake.

Zaidi ya hapo, kwenye laptopu za miaka ya karibuni watengenezaji wengi wanatia sahihi ya kidijitali kwenye fimuwea. Unaweza kulipata jedwali, ukaligeuza vizuri, na mashini ikalikataa. Kwa aliyetaka kujifunza hajapoteza kitu. Aliyetaka Caps Lock iwe Ctrl amepoteza mwezi.

Lakini zipo kazi ambazo ni fimuwea tu inayoziweza, na mfano ninaoupenda ni ThinkPad X230. Mwaka 2012 Lenovo iliacha kibodi ya safu saba ikaweka ya safu sita. Ile ya zamani, ya X220 ya mwaka 2011, inaingia kwenye mwili wa X230 baada ya kukwangua plastiki kidogo na kuziba baadhi ya pini kwa gundi ya karatasi. Ukiwasha, herufi zinaandika, ila baadhi ya vitufe vya juu na vya Fn vinafanya mambo mengine, kwa sababu jedwali la EC liliandikwa kwa kibodi ya safu sita. Mradi huria uitwao thinkpad-ec unalirekebisha jedwali hilo, na unafanya hivyo kwa kupitia sasisho la Lenovo lenyewe, bila kibanio wala chuma cha kulehemu. T430, T530 na W530 nazo zimo. Angalia kwanza toleo la BIOS, kwani matoleo ya baadaye yanazuia. Kwa mtu anayeandika kutwa nzima na ana X230, kazi hii nampendekezea kwa moyo wote.

Na anayejua tangu mwanzo kwamba anataka kugusa EC, anunue mashini ambayo haina haja ya kufumuliwa. Framework na System76 zimeweka wazi maandishi ya fimuwea ya EC zao, Chromebook nazo zinatumia EC ambayo Google imeyachapisha maandishi yake. Unasoma jedwali likiwa na majina ya vitufe.

Kibodi ya nje

Hii ni njia ya nne, na sina mengi ya kusema kwa sababu haina ugumu. Kibodi inayotumia QMK, fimuwea huria ya kibodi, inabeba mabadiliko ndani yake, unaichomeka kwenye mashini yoyote. Hasara ni kubeba kitu kingine kwenye begi, na bei.

Ila kwa kijana anayetaka kujifunza fimuwea, aanzie hapa. Raspberry Pi Pico, kibao kidogo cha kujifunzia chenye chipu unayoipangia programu mwenyewe, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4 na ina pini 26 za kuunganishia. Kibodi ya laptopu iliyokufa yenye mistari 8 kwa 16 inahitaji 24. Tafuta kiota cha utepe wake kwenye ubao mbovu, unganisha, tafuta kwa kipimo cha umeme mstari gani unakutana na upi, jaza jedwali kwa mkono wako. Ukikosea, shikilia kitufe cha BOOTSEL unapochomeka, Pico inaonekana kama diski ya USB, unaburuta faili jipya. Hakuna mashini ya mtu inayokufa. Atakayelijaza jedwali hilo mara moja atalitambua mara tu atakapolikuta ndani ya EC.

Ningechagua ipi

Naanza kwa kuuliza mabadiliko yanatakiwa yashike wapi. Ndani ya Windows tu, kwa watu wote: rejista. Ndani ya Linux: hwdb kwa kitufe kimoja, keyd kwa anayetaka kazi mbili kwenye kitufe kimoja. Mchanganyiko wa vitufe, mtumiaji mmoja, Windows: PowerToys. Kwenye mashini tano tofauti: kibodi ya nje. Fn, au kibodi ya safu saba kwenye X230: fimuwea, betri ikiwa imejaa na nakala tatu zimelingana. Kitufe kilichokwama: badilisha kibodi, hapo sibishani na mtu.

Mama mwalimu kazi yake ilichukua dakika kumi, pamoja na kuwasha upya. Nilibandua kifuniko chenye < > kutoka kwenye kibodi ya AZERTY iliyokufa, lakini kifuniko chenyewe hakikushika, basi nikabandika karatasi yenye alama hizo juu ya kitufe cha menyu. Akafungua ukurasa mtupu, akaandika <p>, akaifunga, kisha akatoa daftari.

"Papa, nisomee tena zile namba," akasema. "Pale masomoni ziko zingine tatu za namna hii."

Nikamsomea baiti zote ishirini, moja moja, na tulipofika 5D E0 nikamwomba aipigie mstari.